Madebe Mawili ya Opio

Jumapili, 2 Machi 2008 – Jinja
Kesho narudi Mbale. Kwenye chai mama aliniuliza nafanya nini huko siku hizi. Nikamwambia naandika maelezo ndani ya kompaila ya Opio, mwenzangu wa ofisini, yaani programu inayosoma programu nyingine na kuzigeuza lugha ya mashine, katika sehemu inayokagua aina – ile inayomkatalia mtu kujumlisha kilo na lita. Kwa nini Opio asieleze mwenyewe? Yuko Mogadishu na kikosi chake, nikasema. Mama akaniongezea chai. Kisha: baba yako alituachia buti na redio, maelezo hakuacha. Andika vizuri.

Jumatatu, 3 Machi – Mbale
Mwalimu Gidudu, mkuu wetu, ametoa siku: Ijumaa. Watu wa Katakwi wanatoka kambini, wanarudi mashambani kwao, na lori la mbegu linaondoka Ijumaa saa sita mchana. Orodha ya mgao inatoka kwenye programu ya stoo, na programu hiyo lazima ipite kwenye kompaila yetu. Sehemu asiyoielewa ataifuta. "Msimbo usioeleweka ni mbwa wa jirani," alisema. "Hujui atamuuma nani."
Mistari mia tatu na kumi. Maelezo ya Opio – matatu! Moja linasema tu: "Usiguse." Asante sana, Opio.

Jumanne, 4 Machi
Mistari 120 imekwisha. Mwanzoni niliandika "hapa tunalinganisha aina mbili". Upuuzi. Hilo msimbo wenyewe unasema. Nikafuta, nikaandika sababu: "Kilo na lita zikichanganywa, simama, hata kama jumla inapendeza."

Jumatano, 5 Machi
Nimefika kwenye "Usiguse". Ajabu! Opio ana aina mbili, DEBE1 na DEBE2, zote lita ishirini. Lakini ukizichanganya, kompaila inakataa. Debe na debe! Nimempigia mara nne – hapatikani. Basi nikaandika: "Aina hizi ni moja. Imerudiwa kwa makosa." Safi, fupi. Mwalimu akasoma, akasema hapa sasa hata yeye anaelewa. Akaufuta ukaguzi ule papo hapo. Nilijiona fundi.

Alhamisi, 6 Machi
Jioni nilikwenda sokoni Nakaloke kununua maharage ya nyumba. Nambozo, mama ninayenunua kwake, alijaza debe, akaendelea kurundika mpaka maharage yakaporomoka pembeni. Nikasema limejaa, inatosha. Alinicheka, na majirani zake wakacheka.
"Nyabo, bibie, debe bila kichwa ni ya stoo! Kule wanakata juu na fimbo. Sisi hapa tunaweka kichwa. Weye unataka watu waseme Nambozo mwizi?"
Nilibaki nimesimama, gunia mkononi. Debe la fimbo. Debe la kichwa. Stoo huhesabu kwa fimbo, na wagawaji kule vijijini hupima kwa kichwa, maana hakuna mtu wa Teso, huko Katakwi, atakayepokea debe lililokatwa. Foleni haijaisha, mbegu zimeisha! Opio amekulia kambini, amepanga foleni hizo. Alijua.
Maelezo yangu ni wazi, yanasomeka vizuri, na si kweli. Nimekimbilia ofisini – kumefungwa.

Ijumaa, 7 Machi
Saa moja asubuhi nimeurudisha ukaguzi wa Opio. Maelezo mapya:
"DEBE1 limekatwa kwa fimbo, la stoo. DEBE2 lina kichwa, la sokoni na la mgao. Ukiyachanganya, familia za mwisho kwenye foleni zinakosa. Usipoamini, kanunue maharage Nakaloke. Nilikosea hapa tarehe 5. – Zulaika."
Nikaipitisha programu ya stoo. Kosa moja, mstari wa 41: DEBE2 inatolewa kwenye DEBE1. Kosa, na ukaguzi umelinasa! Nilipiga makofi peke yangu.

Saa tano na nusu. Mwalimu ndiyo kwanza anaingia kutoka stoo, mkononi ana orodha ya juzi, iliyochapishwa bila ukaguzi ule. Semei, dereva, ameshawasha lori, anapiga honi. Nimemwambia Mwalimu kosa ni langu, si la Opio. Amevuta kiti, amevaa miwani, anasoma kwenye skrini kwa kidole, nami naandika haya kando yake. Amefika kwenye tarehe 5. Anarudia kusoma.
Honi tena – ndefu.
Mwalimu hajageuka. "Zulaika, mwambie Semei azime injini. Halafu rudi unionyeshe hicho kichwa."