Unga wa Kilo Kumi

Dada Zuhura, shikamoo. Mvua ya Brussels hainyeshi wala haikatiki, nami situlii.

Unamjua shemeji yako, Mmarekani wangu wa mpira wa kikapu: mikataba ya miezi miwili mitatu, na hii ni nchi ya nne tangu tuoane. Ndiyo maana hununua unga kilo moja moja. Leo dukani Matonge, mtaa wa Wakongo, mama mmoja wa Bukavu akanicheka: "Maman, kamata mufuko ya dix kilos! Donc, hamukae hapa?" Nikaona aibu, nikaununua huo wa kilo kumi. Kwenye basi nimeupakata kama mtoto.

Nafika nyumbani, Darnell anazunguka sebuleni, simu mkononi. Akautazama ule mfuko, ndipo akaniambia. Timu imemwacha. Wakala wake kampatia nyingine Poland, na nyumba hii ya timu wanaitaka Jumamosi.

Nikasema unga nitampa jirani. Darnell akatoa sandukuni viatu vyake vya mechi, vile vikubwa kama mitumbwi, akaulaza unga mahali pake. Atasafiri navyo miguuni.

Nibusie wanao. Na mama akiuliza tena vipimo vya madirisha, ashone yale mapazia yangu, mwambie bado napima.

Mdogo wako, Mwanaidi