Jiwe la Chini ya Laureli

Pigeon Fork, Kentucky
5 Juni 1978

Shikamoo Bibi,

Hata kabla sijakuuliza habari za mguu wako, nina neno ambalo sijamwambia mtu. Miaka yote ya kupamba makaburi nilikufuata nyuma nikibeba maua ya karatasi, lakini nilitazama visigino vyako, si mawe. Sijui jiwe lipi ni la nani.

Jumapili kanisani Bwana Thurlow Skaggs alitangaza kwamba kaunti itasimamisha bango la chuma barabarani, lenye majina ya wote waliolala kilimani kwetu. Akanigeukia: “Binti, bibi yako ndiye aliyeyajua yale mawe. Amekuachia majina yao?” Watu wote wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Bibi, mawe yale hayana hata herufi moja!

Shule nimemaliza. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke.

Mjukuu wako,
Delphia

Dayton, Ohio
11 Juni 1978

Marahaba mjukuu wangu,

Mguu unauma, na mjomba wako Dorsey ananilisha mkate wa dukani, laini kama sifongo. Hujambo lakini?

Acha hofu. Usitazame mawe, tazama kilichopandwa. Penye mierezi ni akina Vansickle. Penye majani yatambaayo, yenye maua ya buluu, ni watu wa babu yako: juu Hobart, kisha Arminta, kisha mapacha. Penye waridi mwitu ni akina Skaggs. Mwulize Thurlow kama amewahi kung’oa hata gugu moja pale!

Lile dogo, chini ya kichaka cha laureli, waambie hujui.

Bibi yako

Pigeon Fork
25 Juni 1978

Shikamoo Bibi,

Natumaini mguu umepoa. Niliyataja majina yote mbele ya kamati ya bango. Bi Ocie Vansickle akapiga makofi: “Kumbe ana ulimi! Sisi tulidhani alizaliwa bila.” Walicheka, nami nikacheka kidogo.

Lakini barabara itapanuliwa, na uzio utazunguka makaburi yenye majina tu. Nilipouliza kuhusu lile dogo, Bwana Skaggs alisema, “Jiwe lisilo na mwenyewe ni jiwe tu. Trekta litalisukuma.”

Kila mwaka ulikuwa ukinituma maji, na nikirudi nakuta maua chini ya laureli. Ni la nani, Bibi? Watachimba mashimo ya nguzo tarehe kumi Julai.

Mjukuu wako,
Delphia

Dayton
3 Julai 1978

Delphia,

Ni mwanangu. Msichana. Nilimwita Ivalee. Nilimzaa kabla babu yako hajanijua, akaishi wiki moja ya theluji. Tulimzika mimi na mama yangu tu. Hata Dorsey hajui kwamba alikuwa na dada.

Choma barua hii. Sitaki jina lake kinywani mwa Thurlow Skaggs. Lakini wasimsukume, mwanangu. Wasimsukume.

Bibi yako

Pigeon Fork
16 Julai 1978

Shikamoo Bibi,

Pole sana. Mjomba Dorsey alipiga simu dukani kwa Bi Ocie akasema umeanguka, kalamu huwezi kuishika, na barua sasa anakusomea yeye. Basi naandika kwa uangalifu.

Siku ya nguzo niliwahi kilimani nikaketi kando ya lile jiwe.

“Toka hapo, binti, tuna kazi,” akasema Bwana Skaggs.

“Hili ni la kwetu.”

“La nani? Taja jina niandike.”

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Walichimba upande wa pili, wakala chakula chao, wakarudi, bado nimekaa. Bi Ocie akachoka: “Thurlow, unagombana na mtoto kwa ajili ya kipande cha nyasi? Sogeza nguzo zako!”

Wakasogeza. Limo ndani ya uzio.

Bango limesimama bila jina hilo. Walipoondoka niliinua jiwe, nikalichonga kwa msumari upande unaotazama udongo, neno moja tu, nikalirudisha. Leo, siku ya kupamba makaburi, watu wamekula maharage na mkate wa mahindi juu ya nyasi, na hakuna aliyeuliza kwa nini nimekaa kule chini peke yangu.

Mjomba, najua sauti inayosoma haya ni yako. Bibi akilia, usimwulize kitu; mshike mkono tu. Na hili la msumari, nakuomba, usimwambie mtu yeyote.

Mjukuu na mpwa,
Delphia