Mikono ya Léontine

Kasongo, tarehe 11 Agosti 1956

Kwa Yaya Anastasie, dada yangu mkubwa mpendwa, huko Kindu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko magunia ninayobeba. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji Jean-Marie, bado anakohoa moshi wa treni? Sisi hapa tuko wazima. Véronique wangu anazidi kunenepa, ili watu wote wa Kasongo waone kwamba mume wake ni shofere wa kamio, lori zima la mizigo, si mtembea kwa miguu. Toka Stanleyville mpaka Albertville, Yaya, hakuna daraja lisilojua tairi zangu.

Basi, nimejisifu, inatosha. Leo nina jambo lingine. Miezi minne imepita na bado linanikatisha pumzi katikati ya kula.

Baada ya Pasaka nilipeleka chumvi Kabambare, nikashukia kwa kaka yetu Grégoire. Unakumbuka tulivyofurahi mlipompeleka mwanenu Léontine akae kwake: mjomba monitere, mwalimu wa shule, mtoto atakosaje kusoma? Grégoire akaniambia, mtoto mwenyewe akisikia, kwamba kichwa yake iko jiwe tupu, miaka mitatu darasa la kwanza, na kwamba ameshamtoa shuleni, afadhali ajifunze jembe la pamba. Mimi, kwa mzaha wangu, nikachukua kipande cha gazeti kilichofungia sabuni, nikamwambia mtoto asome neno moja tu, nitampa sukari.

Yaya, hakulitazama gazeti. Alifumba macho, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, viganja juu. Akangoja.

Kwanza nilicheka. Nilidhani anaomba sukari. Kisha nikaviona vile viganja. Ngozi ilikuwa ngumu, ina mistari juu ya mistari, kama ya mzee aliyevuta kamba maisha yake yote, na mwanao ana miaka kumi na moja. Wala hakutetemeka. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Alikuwa amezoea.

Nikamuuliza Grégoire hii ni nini. Akanijibu bila haya, kama mtu anayetaja saa za misa, kwamba kila jioni ni kibao cha kuandikia, na kila herufi inayokosewa ni fimbo moja. Akasema Baba alimfundisha hivyo hivyo, na leo yeye ni monitere, watu wanamvulia kofia. Nikamwambia Baba alitufundisha wawili. Akageuza macho ukutani. Ndipo nikaiona fimbo yenyewe, imetundikwa ukutani chini ya msalaba, ya ngozi ya kiboko. Nikaitambua, Yaya. Ni mimi niliyemletea kutoka Kongolo, zawadi yangu siku alipopewa darasa. Nilimkabidhi nikijigamba kwamba pande zote za Lualaba hakuna nyingine ngumu kama ile. Sikulia, unajua mimi silii, lakini nilikaa chini, pale pale kwenye udongo.

Nikasema nampeleka mtoto kutembea kidogo na kamio. Sijamrudisha mpaka leo.

Njiani sikumtajia shule. Nilimsimulia uongo wangu wote wa safari, akasikiliza bila kucheka, nami sijazoea kutochekewa. Wiki zikapita hivyo. Asubuhi moja hapa Kasongo nilikuwa napakia mizigo, nikawaelekeza wapakizi kwamba gunia lile lililoandikwa ubavuni ni la Kongolo. Sauti ndogo nyuma yangu ikasema: Mjomba, hii iko Kibombo. Nikageuka. Alikuwa anaangalia kuku, kama si yeye. Hakuna aliyekuwa anamtazama, hakuna aliyemuuliza. Herufi zote zilikuwemo kichwani, Yaya! Zilikuwemo siku zote. Woga ulikuwa umezikalia.

Sasa utajiuliza, shofere mkubwa hivi anachanganyaje Kongolo na Kibombo. Hata Véronique hakulijua hili. Naona K, nabahatisha. Niliwaambia wote kwamba niliacha masomo kwa kupenda kamio. Niliyaacha kwa sababu kila nikikiona kibao mkono wa Baba nilishausikia kabla haujainuliwa. Zile barua zangu ulizokuwa unawaonyesha majirani aliziandika karani wa pamba. Hii ameiandika Léontine wako, asubuhi tatu, juu ya sanduku la sabuni. Tulipofika kwenye ile fimbo kalamu yake ilisimama. Nikamwambia andika, mwanangu, usimhurumie mjomba. Akaandika.

Masista wa hapa wamekubali kumpokea Septemba, ila wanataka neno la wazazi. Grégoire naye atawaandikia mumrudishe kwake, na mwandiko wake ni mzuri, najua, ulilipiwa ngozi. Yaya, nakupigia magoti. Kabla hujamjibu, uangalie huu wa mwanao.

Véronique anawasalimu sana na anasema samaki wa kukausha wanakuja na kamio. Mkumbatie shemeji, hata kama anakohoa. Jina hapa chini naliandika mwenyewe. Ndilo pekee ninaloliweza.

Mdogo wako,
HIPPOLYTE

Mama, ni mimi. Pale mjomba aliposema hakulia, alilia.
Léontine