Siku Nilisoma Ukuta

Mujukuu wangu Kapinga,

Huku ku komine yetu ya Kenya tuko bazima. Mama yako anakusalimia, na mahindi ya shamba yetu ya Kasungami imeanza kuota.

Unasema munganga wa Kinshasa anataka ulale na lantiye ngumu, kale kakioo kadogo ka kubandika juu ya jicho, inyooshe jicho usiku, asubuhi uone mbali bila miwani, bila lunette. Unaniuliza ukubali ao ukatae. Mimi kitu chenye kufanya kazi wakati mwenyewe amelala, sikiamini.

Lakini sikia. Nikiwa kijana nilikuwa nashona ku atelye moja hapa Kenya. Siku moja munganga akakuya kupima macho yetu na karatasi ya herufi, yenye alitundika ku ukuta. Nilizani patroni wetu wa atelye njo alimutuma, apate kufukuza benye habaone muzuri. Basi niliuliza benye balinitangulia, nikashika zile herufi zote mu kichwa na sauti ya wimbo wa kanisa. Zamu yangu ilipofika, nilizisema bila kukosa hata moja.

Munganga akasema polepole: "Mama, nimeisha kutosha karatasi, haiko tena pale. Unasoma ukuta."

Patroni hakuambiwa kitu. Lunette nilipata.

Kwa hiyo huyo munganga wako umuchunguze, hata mimi namuchunguza toka huku. Muulize lantiye inaoshwa na nini, na jicho ikiuma utafanya nini. Lakini yeye akikuuliza unaona nini, mwambie kile unaona tu.

Nkambo yako, mwenye kungoja majibu ya huyo munganga.