Simbi Zilizoliwa na Kuku

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia banda. Nimebadilisha maji. Yai moja tena halina ganda, limelala kwenye pumba kama kifuko cha maji. Nimeligusa, likapasuka. Jingine lina ganda jembamba, limevunjika chini ya kuku mwenyewe. Wenzake wamelila. Kuku akishaijua ladha ya yai kumwachisha ni kazi.

Migongo nayo. Mitetea karibu wote wana upara, ngozi nyekundu.

Mama Modesta, mwenye nyumba na mwenye kuku, kaja kuangalia. Kasema mpaka mwisho wa mwezi. Mayai yakibaki hivi, wote wanakwenda kwa mchoma kuku wa stendi. "Na wewe Mzaramo rudi kwenu Kisiju ukale pweza." Kacheka. Mimi sikucheka. Kazi yangu hapa Chemchem, Tabora, ni hawa kuku. Wakiondoka, na chumba cha uani kimeondoka. Kisiju mama alishakufa, nyumba anakaa kaka na mkewe. Hakuna anayeningoja.

Jumatano, 6 Agosti

Nilidhani utitiri. Nimeweka majivu na mchanga kwenye karai waoge. Nimewafunua manyoya mmoja mmoja, chini ya mbawa, karibu na mkia. Hakuna mdudu. Majivu yameniingia machoni.

Leo sijasema na mtu. Labda "hodi" dukani.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Watu wamekwenda kwenye maonyesho. Mimi nimekaa juu ya ndoo mbele ya banda, ndipo nikaona. Ni jogoo. Akipanda, kucha zake zinashika palepale penye upara. Jogoo mzito, mitetea michache, hawapumziki. Nimemtenga, nimemjengea kibanda cha matofali nyuma ya choo. Kutwa anawika. Namsikia kuliko ninavyotaka.

Mama kaniuliza jogoo kafungwa kwa kosa gani. Nikamweleza.

"Kumbe ni Mzaramo mwenzio. Kazi kupenda tu."

"Afadhali sisi, Mama. Ninyi na mizigo kichwani mtapenda saa ngapi?"

Kacheka mpaka kashika ukuta. Wanyamwezi na sisi ni watani, tangu enzi za misafara walipokuwa wanabeba mizigo mpaka pwani. Nilipotoka kwenye mashamba ya tumbaku na kuja kwake nilidhani ananidharau. Siku hizi, asiponitania, hakuna mtu Tabora nzima anayejua nimetoka wapi.

Jumapili, 10 Agosti

Mama yuko kanisani. Mayai bado laini.

Jana muuza dawa za mifugo kasema pumba tupu haijengi ganda, wanataka chokaa. Ya mifugo imemwishia. Nikamwuliza ile ya kupaka ukuta. Kasema nisithubutu, itawaunguza matumbo.

Nimekumbuka kwetu. Kisiju hakuna anayemnunulia kuku chokaa. Wanadonoa makombe yaliyopondwa, chaza, simbi, chochote kilichotupwa na maji. Huku bahari utaitoa wapi.

Leo nimeingia stoo kuchota pumba. Nyuma ya gunia, kopo la zamani la majani ya chai. Ndani simbi. Nikakaa chini. Sijaona kitu cha kwetu tangu nishuke kwenye treni. Lazima ni marehemu mume wa Mama aliwaletea kuku, nimesema moyoni. Kwetu simbi zikiwekwa karibu na pumba ni chakula cha kuku, hata mtoto anajua. Sikumwuliza mtu.

Nimezivunja kwa nyundo juu ya jiwe. Ngumu kweli. Nimezichanganya na pumba, wamezigombania.

Moja nimeiweka mfukoni. Sijui kwa nini. Najua.

Jumatatu, 18 Agosti

Mayai yana ganda! Nimeligonga moja kwa ukucha, linaita kama kikombe. Mitetea wawili wameanza kuchomoza vinyoya mgongoni, vikali kama sindano.

Mama kaniambia, "Mla pweza, umewaroga." Habari za mchoma kuku hakuzitaja. Nimefurahi sana na sina wa kumwambia. Nimemwambia jogoo.

Jumamosi, 23 Agosti

Anastazia, mjukuu wa Mama, kaja kutoka Isikizya. Kesho anapata kipaimara. Mama kaingia stoo, katoka na kopo tupu. Kaniuliza mbele ya binti.

Nikajibu kabla sijafikiri. "Nimewapa kuku, Mama."

Zilikuwa za bibi yake Mama. Babu alikwenda pwani na pembe ya ndovu begani, akarudi na simbi, njia yote kwa miguu, akamvisha mkewe. Kila binti wa nyumba hii akikua hupewa moja. Ya Anastazia ilikuwa mle.

Mama hakupiga kelele. Hakunitukana. Kasema "sawa" na kuingia ndani. Bora angenipiga.

Zimetoka kwetu. Zimetembea mpaka huku, na mimi nimezitia nyundo.

Ile moja ninayo mfukoni. Nikiitoa nitaonekana mwizi. Za kuku nilikosea. Hii nilijua naificha.

Jumapili, 24 Agosti

Nimesema shikamoo. Kaitikia marahaba. Basi. Si mla pweza, si Mzaramo, si chochote. Nimekuwa kibarua tu.

Mayai mazuri yote leo. Sikutaka kuyaangalia. Nimefunga nguo zangu furushi.

Waliporudi kanisani nimemfuata pale mlangoni, nikamtilia simbi mkononi. Nikamwambia, "Hii nilijiwekea mwenyewe. Inafanana na za kwetu." Kaitazama sana. Kaingia ndani, kafunga mlango.

Jumatano, 27 Agosti

Baridi asubuhi, na vumbi. Anastazia alirudi Isikizya jana. Simbi ilikuwa shingoni, kwenye uzi mweusi. Kaniamkia vizuri.

Nilikuwa nafagia banda Mama alipokuja. Kaokota yai, kaligonga kwenye nguzo. Halikuvunjika. Kaligeuzageuza mkononi.

"Babu yangu kazibeba mpaka hapa, miguu imepasuka," kasema. "Halafu linakuja limla pweza limoja, limekaa kwenye treni, linawapa kuku."

Sikujua kama ni hasira. Nikajikaza. "Babu angetuuliza wenyewe, Mama. Tungemwambia ni za kuku."

Kanigeuzia mgongo. Nikajua nimeharibu. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Kaegemea nguzo, kacheka, kajifuta macho kwa pembe ya kanga. Sidhani kama yote yalikuwa machozi ya kicheko.

Kaondoka na yai. Akiwa mlangoni kasema, "Na hilo furushi lako nimeliona. Lifungue, Mzaramo, linaniletea mikosi."

Nimelifungua. Shati nimelitundika kwenye msumari wake. Nimempelekea jogoo mahindi nikakaa naye kidogo. Hakuwika.