Nilichowaambia Watu Kwamba Bi Stefka Amesema

Baba,

Arobaini yako imepita salama, isipokuwa kwangu. Nimefanya jambo la aibu, na sina wa kumwambia ila wewe.

Bi Stefka, yule Mbulgaria uliyesoma naye Sofia na kumkuta tena hapa Johannesburg, alisimama katikati ya sebule yetu ya Bellevue akaanza kusema Kibulgaria. Watu wote, wengi wao Waswahili wenzetu wa mtaani, wakanigeukia. Mama akasema, "Simama mwanangu, tufasirie." Ungemwona alivyojidai!

Na wewe una lawama zako, Baba. Tangu tuhame Tanga tuje huku kwenu, kila mgeni akifika uliniita mezani. "Haya, give up kwa Kibulgaria!" Nami nakariri: mtu akiacha sigara, otkazva, askari akisalimu amri, predava se, kijana akimpisha mzee kiti, otstapva. Kiingereza ni neno moja, Kibulgaria matatu, na wewe unapiga meza kwa raha: "Kwanza uliza, nani anaacha nini!" Wageni waliamini najua lugha. Hata wewe uliamini. Kumbe nilikuwa kasuku tu, na sikukwambia kwa sababu niliipenda mno ile raha yako.

Basi nikasimama. Sikushika hata sentensi moja. Nikatunga. Nikasema anasema ulikuwa mpole, mcheshi, hukumsahau mtu. Wanawake wakalia. Yeye Kiswahili hakijui, akanikumbatia.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza mbona hakusema kwa Kiingereza, na anakijua vizuri. Akashangaa. Alitaka watu wasikie kutoka kinywani mwangu kwamba ulikuwa ukimpigia simu kumwambia binti yako amekupita kwa Kibulgaria, na kwamba kazi zako za kutafsiri sasa utaniachia mimi. Akauliza, "Walifurahi?" Nikasema ndiyo. Baba, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa Mama anawasimulia majirani yale niliyoyatunga, na kila akisimulia machozi yanamlengalenga. Mimi najifanya nina kazi jikoni.

Jumapili watakuja tena, tugawe nguo zako. Pumzika, Baba yangu, na ahadi yangu ni hii: nitasema ukweli mbele yao, Mama akiwepo. Kisha nitamwomba Bi Stefka arudie kwa Kiingereza, nami nifasiri yote bila kuruka, hata pale uliposema nimekupita. Nitalitamka hilo nikiwa nimesimama mbele ya watu wanaojua kwamba si kweli.

Binti yako,
Zawadi