Uso wa Malaika wa Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko konventini, na kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama magoti bado yanamtesa, ila ulimi haujambo kabisa. Jana kamwambia fundi bomba kwamba hata yeye angeuziba ule mfereji kwa bigijii.

Kazi ya kanisani imekwisha. Unakumbuka nilivyoogopa kuianza, mimi niliyezoea kuchora vibao vya saluni. Paroko wetu mpya, yule mzee anayevaa kandambili hata sakristiani, alinikalisha kwanza akanifundisha. Alisema malaika ni roho tupu, hawana mwili wala sura. Mabawa na nyuso tunawaazimia sisi, ili macho yetu yapate pa kuanzia. Alisema Mungu ndiye Uzuri wenyewe, na mchoro mzuri kazi yake ni kumwonyesha mtu njia ya kwenda Kwake. Nikamwuliza, kama sura ni ya kuazima, mchoraji aazime kwa nani? Akacheka, akasema hilo ni langu.

Basi nikaazima. Malaika wa kushoto wa altare, anayeinua chetezo, nilimpa uso wa mwanangu Kidoti, pamoja na ile alama yake chini ya jicho. Dada, nilikuwa nimeanza kumsahau. Asubuhi nyingine naamka nakumbuka sauti tu, uso siupati. Pale juu ya jukwaa, brashi ilinirudishia mwanangu. Ulipokuja likizo nilikuambia wewe peke yako, na ukanishika mkono ukasema litabaki letu sisi wawili. Hata Mama sikumwambia, maana Mama na siri wapi na wapi!

Wiki moja kabla ya kutabaruku kanisa, paroko aliniita, akaniomba kwa upole niubadilishe ule uso wenye alama. Alisema Kanisa halifundishi kwamba mtoto akifa hugeuka malaika. Malaika waliumbwa malaika, na mtu hubaki mtu hata mbinguni. Kidoti bado ni Kidoti, alisema, bado ni mwanao, na siku ya ufufuo ataupokea mwili wake mwenyewe. Kusema kweli, neno hilo lilinipoza kuliko yote niliyoambiwa msibani. Nikapanda jukwaani na kitambaa chenye tapentaini, nikamfuta mwanangu kwa mkono wangu. Nilianzia kidevuni. Macho niliyaacha mwisho.

Nilipokuwa nasuuza brashi ndipo nikajiuliza paroko amejuaje kwamba alama ile ni ya mwanangu, na hakuwahi kumwona. Nikamrudia nikamwuliza. Maskini, hajui kudanganya. Alisema Sista alimpigia simu, akamwomba asimtaje.

Kikulacho ki nguoni mwako! Mafundisho sikuyakasirikia, nimekukasirikia wewe. Ulilala kitanda kimoja nami, ukaniona ninavyofurahi, ukanyamaza, ukangoja ufike kwenye simu. Kama nilikosea, nani wa kunikaripia kama si dada yangu? Lile neno lililonipoza lilikuwa lako kuniletea, ukampa mgeni alilete.

Na kuna moja linaloniuma zaidi. Siku ya mazishi, nilipogoma kuondoka kaburini, ni wewe uliyenishika bega ukaniambia ninyamaze, Kidoti sasa ni malaika. Nilikuamini kwa sababu ni wewe, na kwa sababu ya hiyo shela ya utawa kichwani mwako. Nilichora ulichoniambia, dada. Kisha ukampigia paroko ukasema ni kosa langu.

Mama anakusalimu sana, hajui lolote. Anakufumia sweta, na mikono imempotea, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Livae tu asijisikie vibaya. Tuombeane. Ukija likizo, kitanda chako kipo. Tutazungumza habari za mvua tu.

Ni mimi, mdogo wako.